Wavu huyeyuka, nani anahesabu miezi? Barua ya wazi kwa wakuu wa afya wa Nakuru, Kisumu na magharibi

Kwa Mawaziri wa Afya wa Kaunti za Nakuru, Kisumu, Kakamega na majirani zao. Kamati za zabuni za hospitali za rufaa. Bodi ya Famasia na Sumu. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA)

Waheshimiwa,

KUH: NYAVU ZINAZOYEYUKA KATIKA UPASUAJI WA MATITI

Tunawaandikia sisi tunaofanya kazi katika thieta, wodi na kliniki za matiti. Tunaandika mapema, kabla kifaa hiki hakijazoeleka katika hospitali za umma, kwa sababu kifaa kikishaingia bohari huwa vigumu kukitafutia masharti.

Hoja yetu ni moja. Wavu unaozungumziwa zaidi huchukua miezi 18 hadi 24 kuisha mwilini, ilhali mgonjwa wetu wa upasuaji hufuatiliwa hadi siku ya kutolewa nyuzi za mshono, pengine wiki mbili, kisha anaambiwa arudi akiona shida. Kabla hamjanunua hata kipande kimoja, tengenezeni kwanza ufuatiliaji wa hiyo miezi 24.

Wavu wenyewe ni kitambaa cha nyuzi laini zilizofumwa, kikubwa kama kiganja kimoja na nusu. Mpasuaji huutandaza chini ya ngozi ushikilie sehemu ya chini ya titi, aidha juu ya kipandikizi cha silikoni baada ya titi lenye saratani kuondolewa, au juu ya nyama ya titi lenyewe mwanamke anapoinuliwa matiti yaliyolegea. Wauzaji huuita sidiria ya ndani. Jina hilo si baya, ila linasahaulisha kwamba sidiria hii huvuliwa na mwili wenyewe, polepole, bila kumuuliza mtu. Inatarajiwa kwamba wakati nyuzi zinapungua, mwili utakuwa umejaza matundu kwa kolajeni yake (nyuzi za asili zinazojenga kovu) na kuacha tabaka la kushikilia uzito. Tabaka hilo likiwa jembamba kuliko uzito wa titi, titi hushuka tena, au kipandikizi huteremka chini ya mkunjo wa titi. Hilo huonekana baada ya mwaka, wala halionekani siku ya kutoa nyuzi.

Sasa tuje kwenye zabuni, maana makosa mengi yatazaliwa huko.

Neno "wavu unaoyeyuka" halitoshi kuandikwa kwenye tangazo la zabuni. Wavu wa poliglaktini 910, ambao wengi tunaujua kwa jina la Vicryl, huisha mwilini katika siku 56 hadi 70, na nguvu zake nyingi huwa zimekwenda kabla ya mwezi wa kwanza kuisha. Unafaa kazi nyingine za thieta, lakini kipandikizi cha gramu 400 hauwezi kukibeba hadi kovu likomae. Wavu wa poli-4-hidroksibutireti, P4HB kwa kifupi, ambao malighafi yake hutengenezwa na bakteria kisha husafishwa, ndio huo wa miezi 18 hadi 24. GalaFLEX ni mmojawapo. TIGR Matrix kutoka Uswidi una nyuzi za aina mbili, moja huisha kwa takriban miezi 4 na nyingine huendelea hadi karibu miaka 3. Upo pia wa polidioksanoni, ambao muda wake uko katikati. Hizi ni bidhaa tofauti kama vile saruji na udongo ni vitu tofauti, hata kama vyote hujenga ukuta.

Kamati ikiandika "wavu unaoyeyuka, sentimita kadhaa kwa kadhaa" na kumpa mwenye bei ya chini, huenda itapata wavu wa wiki kumi. Au itapata ule wa ngiri unaoitwa wa kuyeyuka nusu: nusu yake huenda, nusu ya pili ni polipropilini na haiendi kokote hadi mgonjwa azikwe nayo. Polipropilini chini ya ngozi nyembamba ya titi huweza kukunjamana, kuota ncha na kupapaswa kama uvimbe, na mwanamke aliyewahi kuugua saratani hahitaji uvimbe wa kubahatisha. Kwa hiyo tangazo litaje jina la polima (aina ya plastiki iliyofumwa), muda wa kubaki na nguvu, muda wa kuisha kabisa, na kama kuna uzi wowote wa kudumu ndani yake. Mistari minne tu.

Muuzaji aulizwe pia kifaa chake kimeidhinishwa kwa kazi gani. Mwezi Novemba 2023, mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani, FDA, iliwaandikia wahudumu wa afya kuwakumbusha kwamba usalama na ufanisi wa nyavu za upasuaji katika matiti haujabainishwa. Tarehe 31 Machi 2021 ilikuwa imetoa onyo kuhusu ngozi ya binadamu au mnyama iliyoondolewa seli, kifaa kinachofanya kazi ileile, ikieleza kwamba matatizo hutofautiana kati ya aina moja na nyingine. Na Uholanzi, utafiti wa hospitali 8 uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanawake waliowekewa kipandikizi moja kwa moja pamoja na ngozi ya nguruwe iliyosafishwa walipata matatizo zaidi na kupoteza vipandikizi zaidi kuliko waliofanyiwa kwa hatua mbili, mfuko wa kutanua ngozi kwanza na kipandikizi baadaye. Hatusemi wavu wa P4HB utafanya vivyo hivyo. Tunasema atakayekuja na kabrasha la kung'aa kusema jambo hili limeshathibitishwa, aombwe karatasi. (Kwa wagonjwa wanaouliza: P4HB haina kitu cha nguruwe. Ngozi zilizosafishwa nyingine zinacho, nao wana haki ya kuambiwa kabla, si baada.)

Bohari nayo ina lake. Nyuzi hizi huvunjwa na maji, na ndiyo maana huja ndani ya pakiti ya foili. Joto na unyevu ni maadui zake. Bohari yenye paa la mabati na dirisha moja, Kisumu, saa nane mchana mwezi wa Februari, si mahali pa kuweka kitu ambacho lebo yake inasema kisizidi nyuzi joto 25. Kipimajoto ukutani, daftari la kuandika asubuhi na alasiri, na rafu iliyo mbali na ukuta wenye jua. Hakuna la ajabu hapo. Foili ikishachanwa, wavu utumike au utupwe.

Hapa tunalazimika kusema jambo ambalo wenye thieta tajiri hawahitaji kuambiwa. Wavu ni ghali, na hukatwa kulingana na titi, hivyo kipande hubaki. Kishawishi cha kukiosha, kukifunga kwenye kitambaa na kukirudisha kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ni kikubwa. P4HB huyeyuka kwa joto la takriban nyuzi 60. Otoklevu hufanya kazi kwa 121 au 134. Kitakachotoka humo ni ganda la plastiki lililojikunja, na kama kimetoka kikiwa bado kinafanana na wavu, basi hicho ndicho cha kuogopwa zaidi, kwa sababu hakuna anayejua nguvu iliyobaki. Mabaki yote hutupwa. Bei ya mgonjwa mmoja ihesabiwe kwa pakiti nzima.

Kuna na kishawishi cha pili, cha neti ya mbu. Utafiti wa ngiri uliofanywa mashariki mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2016, uliwashirikisha wanaume 302 na kuonyesha kwamba wavu wa bei nafuu uliotokana na neti ya mbu ulifanya kazi karibu sawa na ule wa kiwandani. Ni utafiti mzuri na tunauheshimu. Lakini ulihusu kinena, ndani ya ukuta imara wa tumbo, na wavu wa kudumu. Titi lililoondolewa nyama limebaki na ngozi ya milimita chache tu. Asitokee mtu wa kuupeleka huko kwa hoja ya kubana matumizi.

Nani basi anafaa? Wachache kuliko wanavyodhaniwa. Wanawake wengi wa magharibi hufika hospitali uvimbe ukiwa mkubwa au tezi za kwapa zikiwa zimeguswa. Uvimbe uliozidi sentimita 5, au tezi 4 na zaidi zenye saratani, kwa kawaida huleta tiba ya mionzi baada ya upasuaji. Mionzi hukakamaza ngozi, hubana kovu linalozunguka kipandikizi, na huongeza uwezekano wa kipandikizi kutolewa. Kumwekea mama wa namna hiyo silikoni na wavu siku ileile titi linapoondolewa ni kumpanga kwenye foleni ya kurudi thieta. Kwake, mara nyingi njia ya busara ni kumaliza matibabu, kungoja miezi 6 hadi 12 baada ya mionzi, kisha kujengewa titi kwa nyama yake mwenyewe: msuli wa mgongo uliozungushwa mbele na ngozi yake, au nyama ya tumbo. Msuli wa mgongo hauhitaji darubini wala bidhaa ya kuagiza ng'ambo. Unahitaji mpasuaji aliyefunzwa, saa kadhaa za thieta na damu iliyopimwa. Fedha za pakiti chache za wavu zingeweza kumleta mwalimu wa upasuaji huo kwa wiki mbili, na sisi tungechagua mwalimu.

Wapo pia wasiotaka kisu tena. Titi bandia la kuvaa ndani ya sidiria, la silikoni au la kufumwa kwa uzi wa pamba, litolewe kliniki bila kumfanya mtu aombe.

Anayebaki ni mwanamke mwenye uvimbe mdogo asiyetarajiwa kupata mionzi, au anayeondolewa titi kwa kinga, au anayeinuliwa matiti. Havuti sigara. Sukari yake imedhibitiwa. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache, ikiwa juu ya asilimia 8, angoje. Unene wa kupindukia pia huongeza matatizo ya kidonda, na ni heri aambiwe hivyo wazi kuliko kukubaliwa kwa adabu.

Siku ya upasuaji, mambo yanayoharibika ni madogo madogo. Antibaiotiki ya kinga, cefazolin gramu 2, itolewe ndani ya dakika 60 kabla ya kisu, si mgonjwa anapoingizwa wodini wala baada ya ngozi kufunguliwa. Ngozi isafishwe kwa klorheksidini yenye spiriti na iachwe ikauke. Kabla wavu haujaguswa, kila mwenye kuugusa avae glavu mpya. Pakiti ifunguliwe dakika hiyo, isiachwe wazi kwenye trei saa nzima. Pembe za wavu zikatwe ziwe za mviringo, maana pembe kali chini ya ngozi nyembamba huchoma na kutokeza nje. Ushonwe kwenye mkunjo wa chini wa titi kwanza, halafu pembeni, kwa nyuzi zinazoyeyuka polepole, mishono ikiachana kama sentimita 1 hadi 2, na utandazwe bila mkunjo hata mmoja. Mkunjo ni mfuko, na mfuko hukusanya maji.

Kisha ngozi. Vitabu vinasema tazama wekundu, bonyeza uone damu ikirudi. Vitabu hivyo viliandikwa na waliozoea kutazama ngozi nyeupe. Kwa mama wa Siaya au Bomet, ngozi inayokufa haianzi na wekundu. Huanza kuwa baridi ukiigusa kwa mgongo wa kidole, rangi yake huzidi kuiva kuliko ya jirani, hung'aa, na ukingo wake ukichomwa sindano hutoa damu nyeusi au hautoi kabisa. Thieta ikiona hivyo, wavu na kipandikizi viachwe kwenye boksi. Funga ngozi, rudi siku nyingine. Mpasuaji anayerudisha boksi bila kulifungua asihesabiwe ameshindwa, na mtu wa hesabu asimwulize kwa nini pakiti haikutumika.

Wodini na nyumbani, adui mkubwa ni maji. Mwili humimina majimaji kwenye nafasi iliyoachwa wazi, na wavu usioshikana na ngozi huelea ndani yake. Mrija wa kutoa maji ubaki hadi yapungue chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Hapa ndipo ruhusa ya mapema inapoleta hasara: kitanda kinahitajika, mrija unatolewa siku ya tatu ukiwa bado unatoa mililita 90, na baada ya wiki mama anarudi titi limejaa kama puto. Anayepelekwa nyumbani na mrija apewe bomba la sindano la mililita 50 la kupimia na karatasi ya kuandika, afundishwe kunawa na kumwaga, na muuguzi apige simu kila siku ya pili. Kukisia kwa kifuniko cha soda hakuhesabiwi kuwa kipimo.

Kwa wiki 6 asibebe mtungi wa lita 20 wala mtoto, asishike jembe, na alale chali. Tunajua tunachoomba. Mtungi huo una kilo 20, na katika nyumba nyingi hakuna mwingine wa kuubeba. Mishono ya wavu hukatika hapo kisimani, si thieta. Kwa hiyo maelezo haya apewe mbele ya mume, dada au mkwe atakayebeba maji, na kama hakuna mtu kama huyo, hiyo ni sababu halali ya kuahirisha upasuaji. Bodaboda kwenye barabara ya mawe nayo isubiri. Sidiria isiyo na waya itatosha, hata ya mtumba kutoka soko la Kibuye, mradi imefuliwa na haibani.

Ratiba ya kurudi ambayo sisi tunaitaka ni siku ya 7, siku ya 14, wiki ya 6, kisha mwezi wa 3, 6, 12, 18 na 24. Ziara za baadaye ziwekwe siku ya kliniki ya saratani ili nauli ya Budalang'i au Kuresoi iwe moja. Kila ziara apimwe umbali kutoka kwenye chuchu, au kutoka kwenye kovu, hadi mkunjo wa chini, kwa futi ya fundi cherehani. Namba hiyo ikiongezeka kutoka mwezi wa 6 hadi wa 18, wavu umeisha kabla mwili haujashika kazi. Bila namba ya kwanza, ya pili haina maana. Na fomu ya ultrasaundi au mamografia iseme wazi kwamba kuna wavu na uliwekwa lini, la sivyo mtaalamu wa picha atasoma mstari asioufahamu na mama atalala usiku kadhaa akingoja biopsi (kukatwa kipande cha kupimwa) isiyohitajika.

Bajeti ya kuingiza iwe na mwenzake wa kutoa. Kipandikizi kikipata maambukizi mara nyingi hutolewa, kidonda huoshwa, antibaiotiki hutolewa kwa mshipa na kitanda hukaliwa siku kadhaa. SHA na hospitali zikubaliane sasa, kwa maandishi, nani analipia hilo, kwa aliyejengewa titi baada ya saratani na kwa aliyetoka kliniki binafsi ya urembo kisha akaletwa kwetu usiku akitetemeka kwa homa. Kliniki hizo Baraza lizitake nazo ziwe na mrija, simu na ratiba ileile. Tangazo la mtandaoni halina mwezi wa 18.

Ridhaa isomwe kwa lugha ya mgonjwa, Kiswahili, Dholuo, Luhya, Kalenjin au Gikuyu, angalau siku moja kabla, na isikose sentensi hizi: wavu utaisha, titi linaweza kushuka tena, kipandikizi si cha maisha, unaweza kurudi thieta, unaweza kukataa wavu na bado ukatibiwa saratani yako vilevile.

Tumebakiza kibandiko. Ndani ya boksi la wavu, kama la kipandikizi, huwa kuna vibandiko vidogo vyenye jina la kifaa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Mwaka 2010 Ufaransa ilisimamisha vipandikizi vya kampuni ya PIP baada ya kugundulika vimejazwa silikoni ya viwandani, na Julai 2019 vipandikizi vya kampuni ya Allergan vya uso wa mkwaruzo aina ya Biocell vikaondolewa sokoni duniani kwa ajili ya saratani adimu ya chembe za limfu. Mara zote mbili swali la mwanamke lilikuwa lilelile: changu ni kipi? Aliyekuwa na kibandiko alijibiwa siku hiyo. Asiye nacho alibaki na mpasuaji aliyehama na faili isiyopatikana.

Kwetu, boksi likishafunguliwa huenda kwenye pipa jeusi, vibandiko vikiwa ndani. Tunaomba viwe vinatolewa kabla ya mgonjwa kuondoka mezani, kazi ya muuguzi anayezunguka, na kuhesabiwa pamoja na pamba na sindano: kimoja kwenye faili, kimoja kwenye kadi anayokwenda nayo nyumbani, kimoja kwenye rejista ya thieta pamoja na namba yake ya simu na ya jirani yake. Kaunti zote zitumie safu zilezile, ili mama aliyefanyiwa Nakuru akihamia Kitale asianze upya. Bodi ya Famasia na Sumu ikipokea tangazo la kuondoa toleo fulani sokoni, ilitume kwa thieta moja kwa moja, wala lisiishie kwenye tovuti.

Rejista hiyo ni kaunta buku moja na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Tunaomba jibu kwa maandishi ndani ya siku 60, na hadi lije, zabuni za nyavu za matiti zisimame.

Wenu katika huduma,

Wauguzi wa thieta, wapasuaji na wahudumu wa kliniki za matiti
Nakuru, Kisumu na Kakamega